Kufunga au Kufungua? Uhakiki wa Istilahi za Swichi na Bodi ya Programu

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yaliyofika mezani petu ili istilahi zake zikaguliwe, imo rasimu ya mwongozo mfupi wa ufundi uliotayarishwa kwa ajili ya vijana wa Mkoa wa Singida. Mwongozo huo unaeleza jambo dogo. Kijana anaelekezwa kuunganisha kitufe na taa ndogo ya LED kwenye bodi ya Arduino, kisha kuiandikia bodi hiyo programu ili kitufe kikibonyezwa taa iwake na kikiachiwa taa izimike. Katika somo la mwisho taa inaondolewa, na mahali pake panawekwa rilei ya kuendesha pampu ya maji.

Nia ya watayarishaji ni njema na hatuna budi kuwapongeza. Mkoa wa Singida ni mkavu, mvua zake huja msimu mmoja tu kwa mwaka, na vijiji vyake vingi hutegemea visima. Kijana wa Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni anayeweza kutengeneza swichi ya pampu kwa mikono yake atakuwa na manufaa kwa jamii yake. Hata hivyo, tumeona kwamba jozi moja ya vitenzi, yaani kufunga na kufungua, imetumiwa katika rasimu hiyo mahali isipostahili. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo si la ufasaha tu, bali linaweza kumdhuru mtumiaji, na kupendekeza njia ya kulisahihisha.

Bodi inayozungumzwa

Kwa faida ya wasomaji wasioijua, Arduino ni bodi ndogo inayotosha kiganjani, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Aina yake iliyoenea sana, Uno, hutumia volti 5 na ina pini 14 za kidijitali, ambazo kila moja inaweza kupokea au kutoa umeme kama programu itakavyoamuru. Katikati yake kimo kipande cha elektroniki ambacho ndani yake mna kichakataji, kumbukumbu na pini za kuingizia na kutolea. Ni kompyuta ndogo mno isiyo na kioo wala kibao cha herufi.

Rasimu imekiita kipande hicho "kidhibiti kidogo". Hatuna pingamizi. Wananchi wamekwisha kuzoea kidhibiti mwendo cha mabasi, na neno linaeleza kazi ya kifaa. Aidha, tumeridhika kwamba rasimu inasema kuandika programu na kuipakia kwenye bodi, badala ya kubuni kitenzi kipya kisichohitajika.

Neno moja, maana tatu

Katika Kiingereza cha umeme, swichi husemwa kuwa imefungwa pale vyuma vyake viwili vinapogusana na umeme kupita. Husemwa kuwa imefunguliwa pale vyuma hivyo vinapoachana na umeme kusimama. Mfasiri wa rasimu amechukua maneno hayo kama yalivyo. Kwa hiyo kila anapotaka umeme upite anaandika "funga swichi", na kila anapotaka umeme usimame anaandika "fungua swichi".

Sasa tuwatazame wasemaji wa Kiswahili. Mzazi akimwambia mtoto "funga bomba", anataka maji yasimame. Akimwambia "fungulia maji", anataka yatoke. Akimwambia "fungulia redio", anataka sauti isikike. Katika matumizi hayo yote kufungua ni kuruhusu kitu kipite na kufunga ni kukizuia. Maana hii haikufundishwa na kitabu chochote. Msemaji ameipata tangu utotoni, naye hawezi kuiacha mlangoni aingiapo darasani. Ndiyo kusema kwamba rasimu imechukua maneno mawili yanayoeleweka na kuyageuza kinyume.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu walimu wetu hufundisha umeme kwa mfano wa maji, na mfano huo ni mzuri. Volti hulinganishwa na msukumo wa maji yaliyo katika tangi la juu, mkondo wa umeme hulinganishwa na maji yanayotembea, na ukinzani hulinganishwa na wembamba wa bomba. Mwanafunzi aliyeelezwa hayo, kisha akasoma kwamba swichi ikifungwa umeme hupita, atakuwa na haki ya kumwuliza mwalimu kwa nini bomba likifungwa maji hayapiti.

Tena iko maana ya tatu. Fundi hufunga umeme nyumbani, hufunga taa darini na hufunga swichi ukutani. Yaani huviweka mahali pake na kuvikaza. Hivyo sentensi "swichi imefungwa" inaweza kumaanisha kwamba imewekwa ukutani, au imezimwa, au vyuma vyake vimegusana. Istilahi inayohitaji msomaji abahatishe kati ya maana tatu haijafikia daraja ya kuitwa istilahi.

Hatari iliyomo

Huenda msomaji akasema kwamba mkanganyiko huu utarekebishwa na majaribio yenyewe, maana taa ya LED itawaka au haitawaka na mwanafunzi ataona. Katika volti 5 hoja hiyo ina nguvu kiasi, kwani volti hizo hazimdhuru mtu. Lakini rasimu haikuishia hapo. Somo la mwisho linahusu rilei na pampu, na pampu inaweza kuwa ya umeme wa gridi, ambao hapa nchini ni volti 230. Katika somo hilo mwanafunzi anaonywa afungue swichi kuu kabla ya kugusa nyaya.

Kwa mhandisi aliyesoma Kiingereza, onyo hilo ni sahihi. Kwa kijana aliyezoea kufungulia maji na kufungulia redio, onyo hilohilo linamwelekeza aruhusu umeme upite, kisha aguse nyaya. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi hiyo, na msahihishaji wa kawaida ataipitisha. Ndiyo maana tunasema kwamba ukaguzi wa istilahi za ufundi hauwezi kuachiwa jicho la sarufi peke yake. Lazima mkaguzi ajiulize msomaji atafanya nini kwa mkono wake baada ya kusoma.

Programu nayo hugeuza

Kama kwamba hayo hayatoshi, bodi yenyewe ina mgeuzo wake, nao hauwezi kuepukwa. Mguu mmoja wa kitufe huunganishwa na pini, tuseme pini ya 2, na mguu wa pili huunganishwa na ncha hasi ya bodi. Kitufe kisipobonyezwa, pini haijashikwa na kitu. Pini ya namna hiyo huokota umeme mdogo wa hewani, hata wa mkono unaoikaribia, na programu husoma 0 au 1 bila mpango. Ili kuondoa fujo hiyo, pini huunganishwa na volti 5 kwa kupitia kikinzani. Uno ina vikinzani vya kazi hiyo ndani yake, vyenye ukinzani wa kati ya omu 20,000 na 50,000, na programu huviamsha kwa amri INPUT_PULLUP.

Matokeo yake ni haya. Kitufe kikiachwa, pini hushikiliwa kwenye volti 5 na programu husoma 1. Kitufe kikibonyezwa, pini huungana na ncha hasi na programu husoma 0. Umeme unaopita katika kikinzani wakati huo ni mdogo sana, kati ya miliampea 0.1 na 0.25, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Lakini kubonyeza kumeleta sifuri, na kuachia kumeleta moja.

Kwa mtindo wa rasimu, tukio hilo moja lingeelezwa kwamba swichi inafungwa, pini inashuka hali ya chini, na taa inafunguliwa. Mwanafunzi atakayeshindwa kuandika programu hiyo hatakuwa ameshindwa na elektroniki. Atakuwa ameshindwa na lugha iliyorundika migeuzo miwili, mmoja wa lazima na mwingine wa kujitakia. Mgeuzo wa bodi hatuwezi kuuondoa, lakini mgeuzo wa lugha tunaweza.

Kila ngazi na jozi yake

Tumeichambua kazi yote ya swichi na kuona kwamba ina ngazi nne: mkono, saketi, programu na kifaa. Kosa la rasimu ni kutumia jozi moja ya vitenzi kwa ngazi zaidi ya moja. Sisi tunapendekeza kila ngazi ipewe jozi yake isiyoingiliwa na nyingine.

Mkono hubonyeza na kuachia. Saketi huungana na kukatika, na mtu huiunganisha na kuikatisha. Programu husoma 0 au 1. Kifaa huwashwa na kuzimwa, kiwe taa au pampu. Kwa jozi hizo, tukio lile linasomeka hivi: ukibonyeza kitufe, saketi inaungana, programu inasoma 0, na taa inawaka. Ukiachia kitufe, saketi inakatika, programu inasoma 1, na taa inazimika. Programu yenyewe yaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kabla ya kuandikwa: soma pini ya 2, ikiwa ni 0, washa pini ya 13, la sivyo, izime.

Jozi ya kuunganisha na kukatisha hatukuibuni. Mwananchi huomba kuunganishiwa umeme. Asipolipa alipokuwa akidaiwa, hukatiwa. Dhoruba ikipita husema umeme umekatika. Vitenzi hivyo vimo vinywani mwa watu, viwe vya Mnyaturu, Mnyiramba au Mgogo, na havijawahi kugeuzwa maana. Kufunga tunakiachia kazi yake ya ufundi, yaani kuweka na kukaza kifaa mahali pake.

Tafsiri nyingine za neno kwa neno

Rasimu ina makosa mengine ya jamii hiyohiyo. Tutayataja kwa ufupi.

La kwanza ni "ubao wa mkate". Kifaa kinachotajwa ni kibao cha plastiki chenye matundu ya kuchomekea nyaya na sehemu za saketi bila kuzilehemu. Jina lake la Kiingereza lina historia: mafundi wa redio wa zamani walipigilia saketi zao kwenye ubao wa jikoni wa kukatia mkate. Historia hiyo si yetu na haimsaidii mtu kujua matumizi ya kifaa. Tunapendekeza "ubao wa majaribio".

La pili ni "ardhi". Rasimu inamwambia mwanafunzi aunganishe mguu wa kitufe na ardhi. Katika umeme wa nyumbani upo waya wa ethi unaokwenda hasa ardhini, na ni jambo la usalama. Katika bodi hii hakuna kinachozikwa. Panakusudiwa ncha ambayo volti zote za saketi hupimwa kutoka kwake. Tunapendekeza "ncha hasi", na neno ethi libaki kwa waya wa usalama.

La tatu ni "hali ya juu" na "hali ya chini". Kitu cha hali ya juu kwa Kiswahili ni kitu bora, na watu wa hali ya chini ni maskini. Pini ya bodi haina ubora wala umaskini. Tunapendekeza "kiwango 1" na "kiwango 0", ambavyo vinalingana na kile programu inachokisoma.

La nne ni "kikinzani cha kuvuta juu". Msomaji atauliza kinavuta nini, na juu ya wapi. Kazi yake hasa ni kuishikilia pini kwa nguvu ndogo isiyumbe mpaka kitufe kitakapobonyezwa. Kushikiza ni neno letu la zamani kwa kazi ya namna hiyo. Mshonaji hushikiza kitambaa kwa uzi mwepesi kabla ya kukishona. Tunapendekeza "kikinzani cha kushikiza", na ile pini iliyoachwa bila kushikwa tuiite "pini isiyoshikizwa". Tulifikiria "kikinzani shikizi", tukakiacha kwa sababu walimu watakumbuka mara moja shule shikizi, na istilahi mpya isianze maisha yake ikiwa na mzaha.

Liko pia neno ambalo rasimu imelipata vizuri. Kitufe kikibonyezwa, vyuma vyake havitulii mara moja. Hugusana na kuachana mara kadhaa katika muda wa milisekunde chache, na programu huweza kuhesabu bonyezo moja kama mengi. Rasimu inasema kitufe "kinadunda", kama mpira uangukapo. Neno hilo linaonyesha jambo lenyewe. Dawa yake ni kuiamuru programu ingoje kidogo, aghalabu milisekunde 50, kabla ya kukubali badiliko. Hiyo tunapendekeza iitwe "kutuliza mdundo".

Rilei na pampu

Hapa ndipo uamuzi wa istilahi unapogusa mali ya watu. Rilei ina koili na vyuma vya mguso. Koili ikipata umeme huwa sumaku, huvuta chuma, na mguso hubadilika. Miguso yake ni ya namna mbili. Mmoja huwa umeungana wakati koili imepumzika, na mwingine huungana wakati koili inafanya kazi. Kiingereza huitaja kwa maneno ya kufungwa na kufunguliwa kwa kawaida, na rasimu imefuata njia hiyo.

Kijana wa Ikungi atakayechanganya miguso hiyo ataifanya pampu izunguke wakati inapotakiwa kusimama. Kisima kikipungukiwa maji, pampu inayozunguka ikavu huharibika, na kijiji kitarudi kuchota kwa ndoo. Mafundi wa Kijerumani wana majina yanayotufaa zaidi: huuita wa kwanza mguso wa mapumziko na wa pili mguso wa kazi. Majina hayo hayamlazimishi mtu kufikiri kinyume, kwani yanataja hali ya koili, ambayo ndiyo fundi anayoiamuru. Tunapendekeza yachukuliwe.

Pingamizi zinazoweza kutolewa

Tunatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi atakutana na Kiingereza baadaye, hivyo heri azoee mapema fikra ya saketi kufungwa na kufunguliwa. Hoja hii ina uzito, hasa kwa kuwa mkondo wa amali ulianza mwaka 2024 katika baadhi ya shule za sekondari, na vitabu vya ufundi vya Kiingereza ni vingi. Jibu letu ni kwamba kazi ya istilahi ya Kiswahili ni kumfikisha msomaji kwenye maarifa, si kumfanyisha mazoezi ya lugha nyingine. Aliyeelewa saketi kwa lugha yake atajifunza neno la Kiingereza katika dakika moja. Vilevile hatusemi kwamba maneno ya programu kama digitalRead yatafsiriwe. Hayo husomwa na mashine, nayo haielewi Kiswahili. Lakini maelezo yanayoandikwa pembeni mwa amri husomwa na binadamu, nayo yaandikwe kwa Kiswahili.

Pingamizi ya pili ni kwamba kukatika huashiria uharibifu, kama waya uliokatika. Tunakubali kwamba hatari ya kuchanganya ipo. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kitenzi cha kukusudia, yaani kukatisha, kila mtu anapotenda kwa swichi. Pale hitilafu inapokusudiwa, mwandishi ataje kitu kilichokatika: waya umekatika, kiungo kimeachia. Kama wasomaji wana kitenzi bora zaidi, tutakipokea kwa furaha.

Mapendekezo

Istilahi tunazopendekeza kwa mjadala ni hizi:

1. Kubonyeza, kuachia: tendo la mkono kwenye kitufe.
2. Kuunganisha, kukatisha saketi: kuruhusu au kuzuia umeme kwa swichi.
3. Kiwango 1, kiwango 0: kile programu inachosoma au kutoa kwenye pini.
4. Kuwasha, kuzima: kukifanya kifaa kifanye kazi au kisimame.
5. Kufunga: kuweka na kukaza kifaa mahali pake tu.
6. Ubao wa majaribio: kibao cha matundu cha kujengea saketi bila kulehemu.
7. Ncha hasi: mahali ambapo volti za saketi hupimwa kutoka kwake.
8. Kikinzani cha kushikiza; pini isiyoshikizwa.
9. Mdundo, kutuliza mdundo.
10. Mguso wa mapumziko, mguso wa kazi: miguso miwili ya rilei.

Hitimisho

Kiswahili hakikosi uwezo wa kueleza mambo haya. Mwaka 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa, neno king'amuzi liliingia madukani na majumbani, kwa sababu kila aliyejua kung'amua alikisia kazi ya kifaa. LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo, inajieleza yenyewe. Maneno hayo yamefaulu kwa kuwa yanakwenda upande mmoja na akili ya msemaji.

Tunawaomba walimu wa ufundi, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya darasani na kazini, hasa huko Singida yatakakotumika kwanza, na watuletee maoni yao moja kwa moja au kupitia kwa Maafisa Utamaduni wa wilaya zao. Wakati mjadala ukiendelea, tunatoa ombi moja lisilopaswa kungoja: yeyote mwenye mkononi maandishi ya Kiswahili yenye onyo la "kufungua swichi" kabla ya kugusa nyaya, alifute na kuandika "zima swichi kuu, kisha hakikisha umeme umekatika".